Kioo cha Saa ya Farasi

Kepteni Fang alilimaliza jalada la kifo cha mke wa Liao kwa dakika kumi na moja, na nne kati ya hizo alikuwa akitafuta miwani yake. Yeye mwenyewe aliona hiyo ni sifa. Alilisukuma jalada juu ya meza kwa kidole kimoja, akamtazama Inspekta Tuan Su-chin aliyekuwa amesimama mlangoni bila hata kuvua koti.

"Weng A-chuan aliweka kioo cha mbele cha gari," alisema. "Kioo kikachomoka. Mama wa watu amekufa. Leo saa kumi na moja jioni jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na Weng anakwenda kula miaka yake mitano. Tatizo liko wapi, mama?"

"Umejuaje kuwa ni Weng?"

"Mwenyekiti Liao wa hekalu mwenyewe kasema. Mume wa marehemu, ndiye aliyekuwa anaendesha. Na karatasi hii hapa ilikutwa ndani ya gari. Jina la gereji ya Weng juu, namba ya gari chini. Unataka nikupigie na ngoma?"

Tuan aliichukua karatasi. Miaka ishirini na sita ya upelelezi ilikuwa imempa magoti mabovu na dharau isiyochagua mtu: alimdharau mwizi kwa kuiba ovyo, akamdharau mkubwa wake kwa kukamata ovyo. Aliitazama karatasi mbele, akaigeuza nyuma.

"Muhuri uko wapi?"

"Muhuri gani tena?"

"Kepteni, katika mji huu ukinunua jozi ya soksi unapewa risiti yenye muhuri mwekundu wa duka. Hii haina hata alama ya kidole. Hii si risiti. Hii ni karatasi ya mtu aliyekwenda kuulizia."

"Wale ni mafundi wa mabatini. Wanajua nini habari za muhuri?"

"Fundi wa mabatini anamwogopa mtu wa kodi kuliko anavyokuogopa wewe. Angeupiga hata usingizini."

Fang alicheka kwa pua. Alikuwa mdogo kwa Tuan kwa miaka tisa na mkubwa kwake kwa cheo, na jambo hilo halikuwahi kumfurahisha yeyote kati yao. "Haya, zunguka," alisema. "Saa kumi na moja jalada linaondoka, uwepo usiwepo."

Gari la Liao lilikuwa uani, nyuma ya kituo, pua imebonyea kidogo tu. Mtu asiyejua angesema limegonga nguzo ya uzio. Lilikuwa limeligonga lori kwa nyuma kwenye taa za njia panda, mwendo wa baiskeli, na dereva wa lori hakumwaga hata chai yake. Chiu, mkaguzi wa magari wa polisi, alikuwa amekaa juu ya tairi akitafuna mapera aliyoyachovya kwenye unga wa plamu. Kando yake, juu ya meza mbili zilizounganishwa, kililala kioo cha mbele cha gari, kizima.

"Umekiona?" alisema Chiu. "Hata ufa hakina. Kioo kilichoshikwa vizuri hupasuka palepale kilipo. Hiki kimetoka kama mfuniko wa sufuria."

"Na mama alikuwa amefunga mkanda."

"Alifunga, maskini. Lakini mkanda haufanyi kazi peke yake. Mfuko wa hewa wa upande wa abiria ukifumuka, kwanza unaegemea kioo, ndipo unamrudia mtu umpokee. Sasa kioo hakikuwepo. Mfuko umekisukuma mpaka juu ya boneti, wenyewe ukatoka nje, na mama akapokelewa na dashibodi. Siku tatu hospitali, basi."

Tuan aliinama kwenye ukingo wa kioo. Tangu alipoamka alikuwa na jibu lake kichwani, nalo ni gundi bandia, ile ya kubandikia vigae ambayo mafundi wa njaa huichanganya na rangi nyeusi. Alilitamka jibu hilo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumaliza kazi.

"Umekosea," alisema Chiu, akafuta mkono kwenye suruali. "Hii ni gundi yenyewe, ya gharama. Na tazama chini yake, praima, ile dawa ya kushikisha gundi, imepakwa pande zote nne, mkono haujatetemeka. Aliyekiweka kioo hiki anaijua kazi kuliko wewe unavyojua kupekua watu."

"Basi kwa nini kimetoka?"

"Tazama gundi ilivyoachana. Gundi iliyokauka ikichanika inaacha kidonda. Hii imevutika nyuzi nyuzi, halafu nyuzi zikakaukia hewani. Maana yake iling'oka ikiwa bado mlenda. Gari liliondolewa gereji mapema, Inspekta. Mapema mno."

Tuan hakupenda kukosolewa asubuhi, na hakupenda zaidi kukosolewa na mtu anayetafuna. Lakini aliandika. "Kuna kingine?"

"Viwili. Nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma kuna kamera inayosaidia breki. Ukibadilisha kioo cha mbele, lazima uipime upya kwa mashine. Kompyuta ya gari inasema ilipimwa siku ileile ya ajali, saa nne na dakika hamsini na mbili asubuhi, na imeandika namba ya mashine iliyotumika. Ajali ilitokea saa tano na dakika arobaini na tano. Hesabu mwenyewe." Chiu alitoa mfukoni karatasi nyekundu iliyokunjwa. "Na hii ilikuwa kwenye kibao cha kuzuia jua upande wa dereva."

Ilikuwa karatasi ya hekaluni, mwandiko wa brashi: siku ya tisa ya mwaka mpya, kutoa gari, saa ya Farasi. Yaani kati ya saa tano na saa saba mchana. Nusu ya magari ya mji yalikuwa na karatasi kama hiyo, na Tuan aliitia mfukoni pamoja na ile isiyo na muhuri.

Weng A-chuan alikuwa mahabusu, amekaa kwenye benchi, mzee wa miaka sitini kasoro mmoja mwenye kucha nyeusi zisizotakata kwa sabuni yoyote. Alisimama Tuan alipoingia. Tuan hakumsalimia.

"Uliweka kioo kwenye gari la Liao?"

"Sikuweka, afande."

"Karatasi ni yako."

"Ni yangu. Alikuja siku moja kabla. Nikaandika namba ya gari na aina ya kioo ili nikakitafute kama kipo, nakala nikampa yeye. Halafu nikaona lina kamera. Nikamwambia, mwenyekiti, kamera hii lazima ipimwe upya, la sivyo gari litajifunga breki mbele ya kivuli cha mti. Mimi mashine sina. Nenda kwa mwenye nayo."

"Ukamfukuza mteja kwa mdomo wako mwenyewe."

"Kumwambia ukweli ndiyo kumfukuza?"

"Akasemaje?"

"Akasema niweke kioo tu, kamera ataipeleka kwingine. Nikamwambia sawa, lakini ukileta asubuhi utaondoka jioni, baridi hii gundi haishiki upesi. Akasema haiwezekani, lazima litoke saa ya Farasi." Weng alikohoa. "Nikamwambia, mwenyekiti, gundi haijui farasi wala punda."

Tuan alitazama ukuta mpaka kicheko kikampita. "Naye?"

"Aliniita fundi wa mabatini. Kwani uongo? Paa langu ni bati."

"Mbona hayo hukumwambia Kepteni?"

"Nilianza kumwambia. Akasema nijibu ndiyo au siyo."

Hilo Tuan aliliamini papo hapo, maana Fang hakuwahi kusikiliza sentensi yenye koma. Lakini hakuwa mtu wa kumbembeleza mahabusu. "Mzee, wewe nawe umejitakia. Kibanda kimejaa masizi, na hakuna cheti hata kimoja ukutani. Ulitegemea nani akuamini?"

"Cheti ninacho. Kiko kwenye droo, chini ya spana. Ukutani kinaingia mafuta." Alikaa tena, polepole. "Afande, miaka mitano nitatoka na sitini na nne. Watu watasema yule ndiye aliyemuua mke wa Liao. Nani atanipa tena gari lake?"

Tuan aligonga mlango afunguliwe. Ilikuwa saa sita na robo.

Kulikuwa na mashine mbili tu za kupimia kamera mjini. Moja ilikuwa kwa wakala wa magari, na mlinzi wa pale aliapa, tena akaonyesha daftari la zamu, kwamba walifunga kwa sikukuu hadi siku ya kumi na mbili. Ya pili ilikuwa kwa Hsiao Kuo-pin.

Duka la Hsiao lilikuwa na sakafu unayoweza kulia chakula. Kulikuwa na viti vya ngozi, tangi la samaki, na mabaki mekundu ya fataki za kufungulia mwaka yaliyoachwa mlangoni makusudi ili bahati isifagiliwe. Ukutani vilikaa vyeti kumi na kimoja kwenye fremu za dhahabu, vimenyooka sawasawa. Hsiao mwenyewe alivaa shati jeupe la fundi ambaye hajashika bisibisi tangu aolewe bintiye. Alimkaribisha Tuan kiti, akamimina chai, akaanza kuhuzunika bila kuombwa.

"Msiba mkubwa, Inspekta. Mkubwa sana. Mwenyekiti Liao ni kama kaka yangu, mimi ni makamu wake kwenye kamati ya hekalu. Lakini ndiyo matokeo ya watu kutojua kuchagua gereji. Wanafuata unafuu wa mabatini."

"Nifundishe basi," alisema Tuan. "Mimi gari langu kuukuu. Nikitaka kubadilisha kioo, nitajuaje gereji salama?"

Hsiao alikuwa akilisubiri swali hilo pengine tangu azaliwe. Alihesabu kwa vidole: fundi awe amesomea, cheti kiwe hai, siyo cha mwaka juzi. Kioo kiwe na alama ya kiwanda. Praima isirukwe. Kamera ipimwe. Dhamana iandikwe.

"Na gundi ikishapakwa?"

"Mteja anasubiri. Wakati wa baridi kama huu, saa sita kamili. Kazi tukianza saa nne asubuhi, gari halitoki hapa kabla ya saa kumi jioni."

"Mteja akiwa na haraka?"

"Hapewi ufunguo. Usalama kwanza, Inspekta, ndiyo tofauti yetu na akina Weng."

"Hata akiwa mwenyekiti wa hekalu?"

Mkono wa Hsiao ulibaki juu ya birika. Tuan alinywa chai yake yote, maana ilikuwa chai nzuri na yeye hakuwa na sababu ya kuiadhibu.

"Kompyuta ya gari imeandika namba ya mashine iliyoipima kamera," alisema. "Ile pale chini ya turubai ina namba ubavuni. Niinuke nikaisome, magoti yananiuma, au utaniambia mwenyewe?"

Samaki walizunguka tangi mara kadhaa.

"Nilimwambia saa kumi," alisema Hsiao. Sauti ilikuwa imepungua kilo.

"Halafu?"

"Akatoa karatasi nyekundu akaiweka hapa mezani. Akasema gari lililopasuka kioo mwezi wa mwisho wa mwaka limeingia nuksi, lazima litoke kwa saa yake, na saa ameichagua yeye. Mama alikuwa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia. Akasema, tusubiri tu, mbona chai ipo? Mwenyekiti akamwambia asimtie aibu mbele ya watu."

"Nani alitoa ufunguo?"

Hsiao alitazama vyeti vyake.

"Huko hakuna jibu. Nauliza nani."

"Mimi."

"Na kumbukumbu za siku hiyo?"

"Nilizifuta."

"Alikuomba?"

"Hakuomba. Alipotoka hospitali alikuja hapa, akanitazama tu. Nikaelewa. Baadaye nikasikia amemtaja Weng."

"Ukaelewa," alisema Tuan. "Vyeti kumi na kimoja, Hsiao, na hakuna hata kimoja kilichokufundisha kusema hapana. Yule mzee wa mabatini alimkatalia mtu huyohuyo akiwa amevaa kandambili. Wewe na ngozi yako na samaki wako umeshindwa. Na ulikuwa tayari akakae jela kwa ajili yako. Lete muhuri wako, andika yote, na herufi ziwe kubwa, mkubwa wangu husoma kwa shida."

Hsiao aliandika kurasa mbili. Alipomaliza alipiga muhuri kwenye kila ukurasa, na Tuan akamlazimisha arudie mmoja uliopinda.

Ilikuwa saa tisa na nusu alipofika kwa Liao. Alivua viatu mlangoni, akavipanga pembeni ya viatu vya waombolezaji waliokuwa jikoni, akaingia sebuleni. Picha ya marehemu ilikuwa kwenye meza ya sadaka, mbele yake machungwa na ubani. Liao alikuwa peke yake sakafuni, amevaa nguo ya msiba, akikunja karatasi za dhahabu za kumchomea marehemu kuwa maua. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na mji mzima ulikuwa umezoea kumwona amesimama.

"Inspekta. Mmemaliza na yule muuaji?"

"Karibu," alisema Tuan. Aliketi bila kukaribishwa, akaweka mbele yake vitu vitatu: karatasi isiyo na muhuri, karatasi nyekundu, na kurasa mbili za Hsiao. "Soma, mwenyekiti. Chukua muda wako. Leo hatuna saa maalumu."

Liao alisoma ukurasa wa kwanza. Wa pili hakuugusa.

"Hsiao ni mwoga," alisema.

"Ni mwoga. Ndiyo maana alikupa ufunguo. Sasa niambie wewe ni nini."

"Unajua mji huu unanifuata kwa nini? Harusi, nyumba, duka, mazishi, watu wanakuja kwangu niwachagulie saa. Miaka kumi na tisa. Nilirusha vibao vya kuagulia mbele ya Mazu, mungu wa hekalu letu, mara tatu, na mara tatu vikakubali! Saa ilikuwa njema. Ilikuwa njema!"

"Mazu ulimuuliza gari litoke lini. Gundi itakauka lini ulimuuliza nani?"

Liao aliokota karatasi nyingine ya dhahabu, akaikunja vibaya.

"Uliulizia kwa mafundi wawili," alisema Tuan. "Wote wawili wakakwambia jioni. Mmoja ukamtukana, mwingine ukamtisha. Mkeo akakwambia msubiri, ukamwambia anakutia aibu. Hayo ni makosa ya mtu mwenye kiburi, na wenye kiburi nimewazoea, wako tele. Lakini mzee Weng? Yule alikukosea nini?"

"Ningesemaje mbele ya watu?" Sauti ya Liao ilipasuka, na mtu jikoni akanyamazisha vyombo. "Kwamba saa niliyoichagua mimi ndiyo iliyomuua? Nani angenijia tena? Yule Weng ni fundi tu. Hana jina la kupoteza."

"Analo," alisema Tuan. "Ni dogo, ndiyo maana uliona rahisi kulikanyaga."

Alimwekea kalamu juu ya karatasi tupu. Liao aliichukua. Kisha aliandika kwa ule mwandiko wake mzuri wa kuandikia saa za watu, mistari sita, akaenda mwenyewe kwenye kabati la sadaka kuchukua muhuri wake. Aliupiga mara moja. Mkono ulikuwa umetulia.

Tuan alipiga simu palepale, mbele ya picha. "Kepteni, lirudishe jalada. Ndiyo, najua umeshavaa koti, livue. Mfungulie mzee Weng, na umtafutie gari la kumrudisha gerejini kwake, tena la kituo, lenye taa juu, majirani waone anavyorudishwa. Hapana. Muombe radhi wewe. Wewe ndiye uliyemwambia ajibu ndiyo au siyo."

Alikata kabla Fang hajapata sentensi. Aliinuka kwa shida, akaenda mlangoni, akainama kuvaa viatu. Gari la kituo lingekuja kumchukua Liao baada ya maziko. Mpaka hapo asingetoroka, kwa kuwa hakuwa na mahali ambapo asingejulikana.

Liao alikuwa amemfuata hadi kizingitini, ua moja la karatasi bado liko mkononi.

"Inspekta," alisema. "Kama ningesubiri? Kama tungekaa pale mpaka saa kumi?"

Tuan alifunga kamba ya kiatu cha pili, akaivuta ikaze.

"Mngefika nyumbani magharibi," alisema, "na mkeo angekusuta njia nzima kwamba ulimnywesha chai nyingi kwa watu."